Kabla Hujasaini Fomu ya Benki

Watanzania wengi wenye akaunti ya benki hawakuichagua. Mwajiri alisema mshahara utapitia benki fulani, au chuo kilitaka namba ya akaunti ya kuingizia boom, ile posho ya mkopo wa wanafunzi, au tawi lilikuwa ng'ambo tu ya stendi. Miaka inapita, kazi inabadilika, biashara inaanza, watoto wanaingia shule, na akaunti ni ileile, na makato yake hakuna aliyewahi kukaa akayajumlisha. Mwongozo huu ni wako ikiwa unataka kuchagua kwa makusudi, hata kama kadi ya benki unayo tayari kwenye pochi. Nazungumzia akaunti ya kila siku, ile ambayo pesa inaingia na kutoka. Amana ya muda maalumu na akaunti ya mtoto tuziache kwanza.

Ya akiba au ya hundi?

Hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa dirishani, na wengi hujibu "ya akiba" kwa sababu neno lenyewe linasikika vizuri. Akaunti ya hundi, ambayo wafanyabiashara huiita karenti, imetengenezwa kwa ajili ya pesa isiyotulia. Unaweka na kutoa kadiri utakavyo, unapewa kitabu cha hundi, na benki ikishakuzoea inaweza kukuruhusu, kwa makubaliano na kwa riba, kutoa zaidi ya ulichonacho. Hiyo ndiyo ovadrafti. Gharama yake ni kwamba salio lako halizai riba, ada ya kuendesha akaunti inakatwa kila mwezi, na nyaraka za kufungulia ni nyingi: namba ya mlipakodi, leseni ya biashara, cheti cha BRELA kama jina la biashara au kampuni limesajiliwa, na kama ni kikundi, basi katiba na muhtasari wa kikao unaowataja watia saini.

Nani anaihitaji kwa kweli? Mzabuni anayeiuzia halmashauri. Shule, kanisa, msikiti, chama, kikundi cha kuweka na kukopa ambacho hakitaki mweka hazina awe na ufunguo peke yake. Duka linaloingiza na kutoa fedha mara kumi kwa siku. Mwalimu, muuguzi, dereva wa mabasi, mtu anayelipwa mara moja kwa mwezi na kuzitumia taratibu, karenti haimsaidii kitu. Hundi zenyewe zinazidi kupotea mitaani. Wauzaji wa jumla wengi siku hizi wanataka kuona ujumbe wa muamala kwenye simu kabla mzigo haujapandishwa kwenye kirikuu, na cheki iliyowahi kudunda mikononi mwao hawaisahau.

Upande wa akiba nao una udanganyifu wake mdogo. Watu huichagua kwa ajili ya riba, lakini riba ya akaunti za kawaida za akiba nchini kwa miaka ya karibuni imekuwa ikizungukia asilimia mbili hadi tatu kwa mwaka. Fanya hesabu. Ukiacha shilingi 500,000 mwaka mzima bila kuzigusa, kwa asilimia tatu unapata 15,000. Serikali inachukua kodi ya zuio ya asilimia 10 ya hiyo riba, yaani 1,500. Unabaki na 13,500. Iweke kichwani namba hiyo, tutaihitaji hivi punde. Tena baadhi ya akaunti hazitoi riba hata kidogo salio likishuka chini ya kiwango walichoweka, na kiwango hicho hakiandikwi kwenye bango lenye picha ya familia inayocheka.

Kuna wanaokwepa riba kwa sababu ya dini, na hao nao wanazo njia. Amana Bank ilianza kazi mwaka 2011 ikiwa benki ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi ya Kiislamu, na benki kadhaa za kawaida, pamoja na PBZ ya Zanzibar, zina dirisha maalumu la huduma hizo. Kutokuwa na riba hakumaanishi kutokuwa na makato. Omba karatasi ileile ambayo mwingine angeomba.

Mwezi wako kwenye karatasi

Kabla hujakanyaga tawi lolote, chukua kalamu uandike mwezi wako mmoja ulivyokwenda. Usiandike unavyopenda uwe, andika ulivyokuwa. Pesa iliingia mara ngapi, na kwa njia gani? Ulitoa taslimu mara ngapi, kwa wakala au kwa ATM, kiasi gani kila mara? Ulituma mara ngapi kutoka benki kwenda kwenye simu? Ulinunua LUKU, ukalipa maji, ada ya shule au kodi kwa kontroli namba? Ulituma kwenda benki nyingine? Kama bado huna akaunti, ujumbe wa M-Pesa, Airtel Money au mtandao wowote unaoutumia utakupa picha ileile.

Utagundua jambo ambalo hakuna ofisa mauzo atakayekuambia: mtu wa kawaida haumizwi sana na ada ya mwezi. Anaumizwa na kutoa na kutuma. Anatoa elfu ishirini leo, elfu thelathini keshokutwa, anamtumia mama kijijini, anamtumia fundi, anahamishia kwenye simu ili anunue vocha. Kila tendo lina bei yake. Benki inayojitangaza kuwa "haina makato ya mwezi" inajua vizuri itakurudia wapi.

Karatasi ya makato

Kila benki ina orodha ya ada na tozo zake. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinaitaka benki iweke ada hizo wazi kwa mteja. Kwa hiyo huombi hisani. Nyingi zimeiweka kwenye tovuti, na matawini huwa imebandikwa ukutani, mara nyingi mahali ambapo ukiisimamia unaziba mlango. Kuipata mkononi ndiyo kazi. Nilisimama nyuma ya mama mmoja kwenye tawi mojawapo Morogoro, na mazungumzo yake na kijana wa huduma kwa wateja yalikwenda hivi:

"Shikamoo mama. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Naomba karatasi ya makato ya hii akaunti mnayoitangaza."

"Fomu hii hapa mama. Ukijaza sasa hivi, kadi unaondoka nayo leo leo."

"Fomu nimeiona. Nataka ya makato."

"Makato ni madogo tu, mama."

"Hayo madogo ndiyo nataka kuyaona."

Akaletewa. Kurasa tatu, maandishi ya mchwa. Akavaa miwani, akakaa kwenye benchi, akaanza kusoma kwa kidole. Mfuate huyo mama.

Ukiwa na karatasi za benki mbili au tatu, chukua ule mwezi wako uliouandika na uupigie bei kwenye kila moja. Tuseme wewe ni mwalimu Mpwapwa: unatoa kwenye ATM mara nne kwa mwezi na kutuma kwenda simu mara tatu. Namba zifuatazo ni za mfano tu, usiende nazo dirishani. Benki ya kwanza haina ada ya mwezi, ila kila kutoa ni 1,500 na kila kutuma kwenda simu ni 2,500. Kutoa kunakugharimu 6,000, kutuma 7,500, jumla 13,500. Benki ya pili inakata 3,000 za mwezi, kutoa ni 1,000, kutuma ni 1,500. Unapata 3,000 na 4,000 na 4,500, jumla 11,500. Ile "isiyo na makato ya mwezi" imekuwa ghali kwa 2,000. Na ile 13,500 uliyoihifadhi kichwani, riba ya mwaka mzima ya nusu milioni, imeliwa yote ndani ya mwezi mmoja.

Lakini usisaini bado. Angalia chini ya ukurasa, kwenye yale maandishi madogo, ujue kama bei zimejumlisha kodi au la. Ada za huduma za benki zinatozwa VAT tangu Julai 2016, nayo ni asilimia 18 kwa Tanzania Bara. Pia kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwenye ada hizo. Benki moja inachapa bei yenye kila kitu ndani, nyingine inachapa bei tupu na kuweka nyota pembeni. Rudi kwenye mfano wetu. Kama karatasi ya benki ya kwanza ilishajumlisha kodi zote na ya pili haikujumlisha VAT, basi ile 11,500 ni 13,570. Benki iliyokuwa rahisi kwa 2,000 sasa ni ghali kwa shilingi 70. Swali moja la kuuliza linatosha: "Hizi bei ni pamoja na kodi?" Na usichanganye hizo na tozo ya Serikali kwenye miamala, ile iliyopigiwa kelele mwaka 2022 hadi sehemu yake ikaondolewa. Tozo ya aina hiyo, pale inapokuwepo, benki huikusanya kwa niaba ya Hazina, hivyo ukihama benki haitabadilika, wala si haki kuihesabu kama ubaya wa benki fulani.

Pitia pia mistari ambayo hukuiandika kwenye mwezi wako, kwa sababu itakukuta siku moja. Kuchapishiwa taarifa ya akaunti kwa kila ukurasa: ukiomba viza au mkopo utaletewa kurasa ishirini na bili yake. Kadi mpya ya kwanza, na kadi ya kubadilisha iliyopotea. Kutoa fedha dirishani, ambako mara nyingi ni ghali kuliko ATM, maana benki haitaki ujazane foleni. Kuuliza salio, ndiyo, hata hilo baadhi wanalikata. Ujumbe mfupi wa kila muamala. Kutoa kwenye ATM ya benki nyingine. Salio kushuka chini ya kiwango. Kufunga akaunti. Kwa karenti ongeza bei ya kitabu cha hundi, ambayo huhesabiwa kwa kila karatasi, na adhabu ya hundi iliyorudi. Kwa mwenye duka kuna mmoja anaousahau kila mtu: ada ya kuweka taslimu nyingi au sarafu. Ukiwa na kibanda cha chipsi na kila jioni unapeleka ndoo ya sarafu, uliza kwanza kama kuna atakayekubali kuzihesabu.

Jioni ya tarehe 28

Karatasi haikuambii kama huduma ipo. Hilo unaliona kwa miguu, na siku ya kuliona ni wakati wa mishahara, kati ya tarehe 25 na mwisho wa mwezi. Pita jioni kwenye ATM za benki unayoifikiria mahali unapoishi na unapofanyia kazi. Kama mashine mbili kati ya tatu zimeandika kwamba huduma haipatikani kwa sasa na ya tatu ina foleni hadi barabarani, umeshajua mwezi wako utakuwaje.

Kwa wanaoishi nje ya miji mikubwa, ATM si hoja sana siku hizi. Benki Kuu ilifungua njia ya uwakala wa benki kwa mwongozo wake wa mwaka 2013, na leo duka la vipuri pale Tunduma linaweza kuwa ndilo tawi lako. Wakala ni neema akiwa na floti. Asipokuwa nayo, au akiwa nayo ila mtandao "uko chini", unabaki unamtazama tu. Nenda kwa mawakala wawili wa benki hiyo, siku ya soko ikiwezekana, waulize waziwazi: "Laki tatu nikija jioni napata?" Muuliza hakosi. Wakala atakuambia ukweli haraka kuliko tovuti, kwa sababu na yeye anaona kero gani wateja wa benki hiyo wanapata. Angalia pia bei ya kutoa kwa wakala imebandikwa. Ukikatwa kwenye akaunti halafu wakala akakuomba na "ya maji" mkononi, hiyo siyo ada ya benki na huna wajibu wa kuilipa.

Benki kubwa mbili, CRDB na NMB, zina faida ya wazi katika hili: ziko karibu kila wilaya, na NMB ilirithi matawi mengi ya mikoani wakati iliyokuwa Benki ya Taifa ya Biashara ilipogawanywa mwaka 1997. Benki ndogo nyingi zimejaribu kuziba pengo kwa kuungana kwenye mtandao wa Umoja Switch, ili kadi ya mmoja itoe kwenye mashine ya mwenzake. Ukubwa una bei yake pia: dirishani wewe ni namba ya foleni. Kwenye benki ndogo, meneja wa tawi anaweza kujua biashara yako kwa macho, na siku ukihitaji mkopo hilo lina uzito. Sioni aibu kusema kwamba kwa mfanyabiashara wa kati ningetanguliza kujulikana kuliko wingi wa ATM. Kwa mfanyakazi anayehamishwa kituo kila baada ya miaka mitatu, ningesema kinyume.

Halafu simu. Programu za benki kama SimBanking, NMB Mkononi na NBC Kiganjani ndizo tawi ambalo utalitembelea kila siku, kwa hiyo zijaribu kabla. Muombe rafiki mwenye akaunti hapo akuonyeshe: inafunguka kwa haraka kiasi gani, inaonyesha ada kabla hujathibitisha au baada, na unaweza kupakua taarifa ya akaunti mwenyewe bila kwenda tawini? Hakikisha na menyu ya nyota inafanya kazi, kwa sababu siku bando limeisha na uko Manyoni usiku, ndiyo hiyo tu utakayokuwa nayo.

Kutuma kwenda benki nyingine nako uliza kunapita njia gani. Fedha kubwa hupita TISS, mfumo wa Benki Kuu ulioanza mwaka 2004, nao ada yake huwa ya kuhisika. Kwa kiasi cha kawaida kuna TIPS, mfumo wa papo kwa papo unaounganisha benki na mitandao ya simu. Ofisa akikujazia fomu ya TISS kwa laki mbili za kodi ya nyumba, muulize kwa nini isipite TIPS. Wenye maduka wanaopokea kwa Lipa Namba ya benki waulize la ziada: fedha inaonekana kwenye akaunti baada ya muda gani, na nani anakatwa, mimi au mteja?

Pesa yako ikibaki usingizini

Januari 2018 Benki Kuu ilifuta kwa siku moja leseni za benki tano zilizokosa mtaji wa kutosha: Covenant, Efatha, Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wakulima Kagera na Benki ya Wananchi Meru. Zilikuwa benki zilizoanzishwa kwa nia njema, nyingine na wakulima wenyewe. Bodi ya Bima ya Amana ikawa mfilisi. Wakati ule bima ililipa hadi shilingi 1,500,000 kwa kila mwenye amana. Aliyekuwa na zaidi alisubiri ufilisi umalizike aone kitakachobaki. Mwaka 2023 kiwango kilipandishwa hadi shilingi 7,500,000.

Kwa hiyo kama akaunti yako ya kila siku haizidi milioni saba na nusu, usikose usingizi, mradi taasisi hiyo ina leseni ya Benki Kuu. Orodha ya benki zenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu, itazame. Ukizidi kiwango, gawa kwenye benki mbili. Kugawa kwenye akaunti mbili za benki ileile hakusaidii, kwani bima inakuhesabu kwa jina lako ndani ya benki hiyo, na akaunti zako hujumlishwa. Anayetaka kuchimba zaidi asome hesabu za robo mwaka ambazo benki zote zinalazimika kuzichapisha magazetini, zile kurasa zenye tarakimu ndogo ambazo wengi hufungia maandazi. Tafuta mstari wa mikopo chechefu. Benki Kuu inataka isizidi asilimia tano ya mikopo yote. Ukiona asilimia ishirini robo baada ya robo, weka pesa ya sokoni hapo ukipenda, lakini usiweke ya kujengea nyumba.

Hatari iliyo karibu zaidi siyo benki kufungwa. Ni laini ya simu. Akaunti yako leo imefungwa na namba ya simu, na laini inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Kama namba uliyoiandika benki ilisajiliwa kwa kitambulisho cha shemeji yako miaka ile, basi mwenye uwezo wa kuirudisha ikipotea ni shemeji, na ukikorofishana naye una kazi. Sajili laini kwa jina lako kwanza, akaunti baadaye. Mengine unayajua: namba ya siri haiulizwi na benki, na ile "pesa tuma kwenye namba hii" bado inazunguka kwa sababu bado inapata watu.

Saini za watu wawili

Hapa napunguza mwendo, kwa sababu makosa yake hayarekebishwi kwa kuhamisha salio. Akaunti ya pamoja, iwe ya mke na mume, ya ndugu wenye duka au ya kikundi, ina sehemu kwenye fomu inayouliza nani anaruhusiwa kutoa: yeyote kati yenu, au wote kwa pamoja. Watu huweka tiki haraka wakati ofisa ameshika muhuri. "Yeyote" ni rahisi hadi siku mmoja anapoamka na kutoa zote, na benki haina kosa. "Wote" ni salama hadi mmoja anaposafiri au kulazwa, na ada ya mtoto inasubiri. Kwa kikundi, watia saini watatu na kutoa kwa saini ya wawili hufanya kazi vizuri, mradi watatu hao wasiwe wa nyumba moja. Uliza pia kama kanuni hiyo inafuatwa hata kwenye simu. Kuna akaunti ambazo dirishani zinataka saini mbili, halafu menyu ya simu imeunganishwa na namba ya mwenyekiti peke yake.

Na ile sehemu ya "ndugu wa karibu". Familia nyingi huamini kuwa aliyeandikwa hapo ndiye atakayekabidhiwa fedha mwenye akaunti akifariki. Sivyo. Huyo ni mtu wa kutafutwa tu. Fedha hutolewa kwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, akiwa na barua yake mkononi. Familia iliyofiwa huhitaji fedha wiki ileile, na mahakama haifanyi kazi kwa wiki. Basi mke ajue benki ni ipi na tawi ni lipi, hata kama salio hutaki alijue.

Kuhama

Ukishachagua, usifunge ya zamani siku hiyohiyo. Fungua mpya, iendeshe sambamba mwezi mmoja au miwili, uone makato halisi yanafanana na karatasi. Mfanyakazi mwenye mkopo wa mshahara ajue mapema kwamba mshahara hauhami mpaka mkopo uishe au benki mpya iununue, na kununuliwa mkopo kuna ada zake na mara nyingi muda unarefushwa upya. Riba inayoonekana ndogo kwa miaka saba inaweza kuwa pesa nyingi kuliko ile kubwa iliyobakiza miaka miwili. Usihame kwa sababu ya kadi nzuri ukajikuta umejifunga tena.

Mtu anaweza kubaki na mbili. Moja ya mshahara ambayo mwajiri ameing'ang'ania, nyingine uliyoichagua wewe, na unahamisha mara moja tu kwa mwezi ili usilipe ada mara tano. Tatu ni nyingi, isipokuwa una biashara. Ile usiyoitumia, ifunge rasmi. Ukiiacha tu inalala, makato yanaendelea kula kilichobaki, na kuiamsha utatakiwa kwenda tawini na kitambulisho. Toa salio, rudisha kadi na kitabu cha hundi, andika barua ya kufunga, omba nakala iliyogongwa muhuri.

Baada ya miezi mitatu kwenye akaunti mpya, pakua taarifa yake na upitie mstari kwa mstari ukiwa na ile karatasi ya makato pembeni. Mstari usioujua, uulize kwa maandishi, siyo kwa mdomo dirishani ambako utaambiwa "mfumo ndio umekata". Barua au barua pepe ina tarehe, na malalamiko hupewa namba ya kumbukumbu, itunze. Benki ikikaa kimya au ikijibu hovyo, malalamiko hayohayo, na namba hiyohiyo, unayapeleka Benki Kuu, ambako kuna kitengo cha kuyapokea kutoka kwa wateja wa benki. Watakuuliza kwanza kama ulianzia kwenye benki yako, na nakala yenye muhuri ndiyo jibu.